Mbona Sikuumwa?

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 2.1. Mizani ilikuwa ya sinia, rangi yake ya kijani imebanduka pembeni, na mshale ulitetemeka kidogo kabla ya kutulia. Mkunga alisoma, akamwinua mtoto, akamrudisha, akasoma tena. Kisha akaniuliza, "Mama, ulikuwa unasumbuliwa na malaria?" Nikamjibu bila kusita kwamba sikuumwa hata siku moja. Na kweli sikuumwa. Ukiacha kichefuchefu cha mimba changa, ilikuwa miezi ya afya tele: nilipalilia, nilichota maji, na msimu wa machungwa ulipofika nilibeba tenga hadi barabarani kama wanawake wote wa Muheza.

Nisichomwambia mkunga ni habari ya pindo la kanga. Miezi miwili nyuma, kliniki, nesi alinipa vidonge vitatu vyeupe vya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria. Ndoo ya maji ilikuwa imekauka, na kikombe kimoja cha plastiki kilichokuwa kikizunguka kwenye benchi kilikuwa na alama za midomo ya wenzangu wote. "Nenda kavinywe nyumbani," akasema, akaandika kwenye kadi kwamba nimemeza. Nikavifunga kwenye pindo la kanga. Njiani shoga yangu akaniambia vile vidonge vinatapisha, tena yuko mtu anayemjua vilimtoa mimba. Jioni sikuvigusa. Siku mbili baadaye nilipofua ile kanga, vilikuwa unga.

Siwezi kuapa kwamba malaria ndiyo iliyompunja mwanangu zile gramu. Mtoto huzaliwa mdogo kwa sababu nyingi. Ushahidi pekee ulikuwa kwenye kondo la nyuma, na kondo bibi yangu alishalibeba kwenye beseni, akalizika chini ya mgomba kama ilivyo desturi ya kwetu. Hakuna aliyelitazama kwa darubini. Lakini miaka iliyofuata nimesoma, nimeuliza, nimekaa na wakunga na watu wa maabara, na leo ninajua kwamba jibu langu la "sikuumwa" halikuwa jibu la swali nililoulizwa.

Sisi tumezoea kuijua malaria kwa homa. Mwili unachemka, viungo vinauma, unatetemeka ndani ya blanketi saa saba mchana, unakwenda kupima, unaambiwa umekutwa na wadudu watatu, unapewa dawa. Hiyo ndiyo malaria tunayoiheshimu. Ya mimba ina tabia nyingine, na hiyo tabia ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Mtu aliyekulia Muheza, Kilombero, Tabora, Kigoma, Geita, Mtwara au Lindi ameumwa na mbu tangu utotoni. Mwili wake umejifunza kupambana na vimelea, hata vikimwingia mara nyingi havimwangushi kitandani. Chembe ya damu iliyovamiwa na kimelea inapopita kwenye bandama hutambuliwa na kuharibiwa, na kimelea hukwepa mtego huo kwa kujibanza kwenye kuta za mishipa. Sasa mwanamke anaposhika mimba, mwilini mwake kunaota kiungo kipya ambacho hakikuwahi kuwapo: kondo. Ndani ya kondo kuna aina ya sukari ambayo baadhi ya vimelea vina king'ang'anizi maalumu cha kuishikia. Jambo hili liligunduliwa na watafiti Michal Fried na Patrick Duffy katika kazi waliyoifanya magharibi mwa Kenya na kuitangaza mwaka 1996. Baadaye waliendelea na utafiti wao kwetu Muheza, kwa akina mama wa pale pale.

Kwa hiyo vimelea vinahamia kwenye kondo, vinajazana humo kwa mamilioni, na kwenye damu inayozunguka mwilini vinabaki vichache sana au havionekani kabisa. Unachomwa kidole, kipimo kinasema huna. Unajisikia mzima. Wakati huo huo kondo linavimba, linajaa chembe za ulinzi zinazopigana na vimelea, na njia ya chakula na hewa kwenda kwa mtoto inabana. Mtoto anakua kwa kubania, kama mche uliopandwa kivulini. Pengine uchungu unakuja kabla ya siku zake na anazaliwa njiti. Pengine mimba inatoka, au mtoto anazaliwa hana uhai, na watu wanasema ni kazi ya Mungu au ya mkono wa mtu.

Mimba ya kwanza ndiyo inayopigwa zaidi, na sasa sababu unaiona. Mwili haujawahi kukutana na vimelea vya kondo, hivyo kinga yote uliyoijenga tangu utoto haivijui. Mimba ya pili mwili umeshajifunza kidogo, ya tatu zaidi. Ndiyo maana hadithi ya mama mkwe, "mimi nimezaa saba bila hizo dawa zenu," inaweza kuwa ya kweli kabisa kuhusu wale watano wa mwisho. Muulize kwa adabu kuhusu wa kwanza.

Kwa wanaoishi kwenye baridi, Arusha, Moshi, Mbulu au mijini ambako malaria imepungua, mambo ni kinyume. Huko mwili haukuzoea, na mjamzito akiambukizwa huugua haswa, awe na mimba ya kwanza au ya tano: homa kali, sukari kushuka, mapafu kujaa maji, kuchanganyikiwa. Kama una mimba na unapanga kwenda Kigoma kwa wakwe wakati wa sikukuu, au unarudi likizo kutoka Muscat au London baada ya miaka kadhaa ukidhani bado una ule mwili wa kijijini, onana na daktari kabla ya kukata tiketi. Kinga ya malaria huchuja mtu akikaa mbali nayo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022, katika nchi za Afrika zenye malaria ya wastani au nyingi, wanawake milioni 12.7 kati ya milioni 35.4 walioshika mimba walipata maambukizi. Zaidi ya mmoja katika kila watatu. Ukikaa kwenye benchi la kliniki hesabu kuanzia kushoto.

Sasa tuje kwenye hivyo vidonge vitatu. SP ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, sulfadoksini na pirimethamini. Hutolewa kwa mjamzito asiyeumwa, kwa makusudi ya kusafisha vimelea vilivyojificha na kuzuia vipya kwa wiki kadhaa. Inaanza mimba inapoingia mwezi wa nne, kwenye wiki ya 13 au 14, na baada ya hapo kila hudhurio la kliniki, ilimradi mwezi mmoja umepita tangu dozi iliyotangulia, hadi siku ya kujifungua. Wakati wangu ratiba ilikuwa dozi mbili tu. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likabadili, na sasa kinachotakiwa ni tatu au zaidi. Ukiambiwa "umeshamaliza mbili zako," huyo aliyekuambia bado anatumia kitabu cha zamani. Mweleze kwa upole.

Vidonge vyote vitatu humezwa kwa pamoja, mbele ya nesi. Watu huona hilo ni kudhalilishwa, kana kwamba wewe ni mtoto. Mimi nilikuwa na mawazo hayo hayo, na ndiyo maana nina hadithi ya pindo la kanga. Dawa hii haifanyi kazi ikimezwa kimoja leo na viwili kesho, wala ikikaa kwenye mkoba ikisubiri siku utakayojisikia vizuri. Beba chupa yako ya maji kutoka nyumbani. Ni ushauri mdogo mno kuuandika kwenye makala, lakini kwa macho yangu nimeona dozi nyingi zikipotea kwa kukosa kikombe kuliko kwa ukaidi. Huna haja ya kuwa na njaa wala ya kushiba. SP inamezwa vyovyote. Kama unajijua tumbo lako ni jepesi, kula kipande cha muhogo au andazi kwanza, umeze, kisha kaa kwenye benchi nusu saa. Ukitapika, mwambie nesi hapo hapo, usiondoke kimya kimya.

Kwamba SP inatoa mimba, hapana. Haitolewi miezi mitatu ya kwanza kwa tahadhari, na mimba nyingi zinazotoka zenyewe hutoka katika miezi hiyo hiyo. Huenda mwanamke wa hadithi ya shoga yangu alipatwa na jambo jingine kabisa, vidonge vikabebeshwa mzigo. Kichefuchefu na kizunguzungu cha siku moja hutokea, hilo silikatai.

Swali lenye akili zaidi nililowahi kuulizwa lilitoka kwa kijana mmoja, mume wa jirani yangu: "Dada, si hii SP ndiyo ile waliyoiondoa kwa sababu imeshindwa?" Ana haki ya kuuliza. Wengi tunakumbuka klorokwini na muwasho wake. Mwaka 2001 Tanzania iliiweka kando, SP ikashika nafasi ya dawa ya kwanza ya kutibu malaria, na mwaka 2006 nayo ikapishwa na dawa mseto kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ni kweli kwamba kwa kutibu mgonjwa haitoshi tena. Lakini kazi ya kumkinga mjamzito si kazi ya kutibu. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Malawi, Kenya na hapa Tanzania, huko Handeni na Korogwe, matokeo yakatolewa mwaka 2023, SP ilishindanishwa na dawa mpya yenye nguvu zaidi. Dawa mpya ilizuia malaria vizuri kuliko SP. Hata hivyo, waliomeza SP ndio waliopata matatizo machache zaidi ya uzazi. Inaonekana SP inamsaidia mama kuongezeka uzito na mtoto kukua kwa njia ambayo haihusiani na malaria peke yake. Nilipomweleza yule kijana alicheka, akasema basi ni kama mzee aliyestaafu anayeendelea kufanya kazi kimya kimya nyumbani.

Wako wasiopaswa kuimeza, na hili usilipite haraka. Kama unaishi na virusi vya Ukimwi na unatumia Septrini kila siku, usimeze SP; dawa hizo ni za ukoo mmoja na zikikutana zinaweza kukudhuru. Septrini yako yenyewe inakukinga kwa kiasi. Kama uliwahi kumeza dawa yenye salfa ukatoka malengelenge au ngozi ikachubuka, mwambie nesi kabla hajakufungulia kopo. Na tazama vidonge vyako vya kuongeza damu: asidi ya foliki ya miligramu 0.4 haina tatizo, lakini ile ya miligramu 5 inayouzwa madukani inaipunguzia SP nguvu. Wapo wanaonunua hiyo kubwa wakidhani ni bora. Ipeleke kliniki waione.

Haya yote yanamfaa aliyefika kliniki mapema, na kufika mapema kwetu kuna kesi yake. Mimba changa haitangazwi. Tunaificha chini ya dera hadi ijioneshe yenyewe, kwa kuogopa jicho, kwa kuogopa kwamba ikitoka tutaonekana vituko. Siwakejeli wenye hofu hiyo, nami nilikuwa nayo. Lakini nesi si mtaa. Unaweza kuificha kwa mawifi na majirani na bado ukaanza kliniki wiki ya nane. Kizuizi kingine ni lile sharti la kuja na mwenza hudhurio la kwanza. Wanawake wengi wamesubiri mume arudi kutoka machimboni au baharini, miezi ikakatika. Usisubiri. Nenda, eleza hali yako, rudi naye akipatikana.

Na miezi ile mitatu ya kwanza, ambayo SP hairuhusiwi, ulinzi wako ni chandarua peke yake. Hapo ndipo nasikitika kuona tumekigeuza chandarua kuwa cha mgeni na cha mtoto, mama akilala nje yake. Kliniki hutoa chandarua chenye dawa kwa mjamzito. Ukiona hudhurio la kwanza limekwisha hujapewa, uliza. Kikiwa kipya kitundike kivulini siku nzima kipungue harufu na kuwasha, ndipo ukifunge kitandani. Ukikifua tumia sabuni ya kipande, si ya unga wala jiki, na ukianike kivulini, maana jua kali huua dawa. Kingo zake zichomekwe chini ya godoro, na kama mnalala kwenye mkeka, chini ya mkeka. Tundu la sarafu lishone. Mbu hahitaji mlango.

Kuna jambo dogo ambalo sikuwahi kuliona kwenye bango lolote la afya. Watafiti waliofanya kazi Gambia, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000, waliona kwamba wajawazito huvutia karibu mara mbili ya mbu wanaovutiwa na wanawake wasio na mimba. Mjamzito hupumua hewa nyingi zaidi, na tumbo lake lina joto kuliko la mwingine. Mbu hufuata pumzi na joto. Zaidi ya hayo, mjamzito hutoka chandaruani usiku mara nyingi zaidi, kwenda kukojoa. Kila aliyewahi kubeba mimba anaijua hiyo safari: saa nane za usiku, ndala mguu mmoja, tochi ya simu, choo kiko nyuma ya nyumba karibu na migomba. Na huo ndio muda wa kazi wa mbu wa malaria.

Basi fanya walivyofanya bibi zetu bila kusoma utafiti. Weka kopo lenye mfuniko au ndoo ndogo chumbani. Hakuna aibu hapo. Na wewe shemeji unayesoma pembeni, kazi ya kulimwaga asubuhi ni yako. Ukilazimika kutoka, vaa gauni refu na ujitande kanga miguuni, rudi upesi, na ukishaingia chandaruani kagua kwa tochi usije ukawa umemfungia mbu ndani.

Homa ikikushika licha ya yote hayo, usiingie duka la dawa kununua Panadol ukasubiri uone kesho itakuwaje. Homa ya mjamzito hupimwa siku hiyo hiyo. Ukifika kwa mhudumu, neno la kwanza litoke mdomoni mwako: nina mimba, ya wiki kadhaa. Usingoje kuulizwa, hasa kama tumbo bado halionekani. Kwa miaka mingi mwenye mimba changa alitibiwa kwa kwinini ya vidonge, siku saba za masikio kuvuma na chakula kutopita, na wengi waliishia katikati. Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto, artemeta na lumefantrini, itumike hata miezi mitatu ya kwanza. Kwa miezi inayofuata hiyo ndiyo dawa yetu ya kawaida: vidonge vinne, vingine vinne baada ya saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni hadi vitimie 24 kwa siku tatu. Imeze na kitu chenye mafuta kidogo, maziwa, karanga, chapati, au wali wa nazi kama unao; bila mafuta, sehemu kubwa ya dawa inapita bure. Ukipona siku ya pili endelea. Vile vidonge sita au nane vinavyobaki kwenye kabati "kwa ajili ya siku nyingine" ndivyo vinavyokurudishia ugonjwa.

Mwarobaini ni mchungu na tunauamini. Lakini majani hayana kipimo, huwezi kujua umekunywa kiasi gani, na tumboni yumo mtu mwingine asiyeulizwa. Uache hadi ujifungue.

Mambo mengine hayana habari ya vidonge, ni ya kukodi gari usiku ule ule: kutapika kila kitu, kushindwa kusimama, kuongea maneno yasiyoeleweka, kupumua kwa taabu, mkojo mweusi, macho ya manjano, mtoto kuacha kucheza tumboni. Na degedege. Mjamzito akikakamaa na kutupa mikono, inaweza kuwa malaria imepanda kichwani, inaweza kuwa kifafa cha mimba kinachotokana na shinikizo la damu. Nyumbani hamuwezi kutofautisha, na hamtakiwi. Hospitali wana sindano ya artesuneti, inayofaa mimba ya umri wowote, na wana dawa ya kile kifafa. Mganga wa ukoo na maji ya dua vitakukuta huko huko hospitalini vikitaka.

Kuhusu damu nitasema machache ingawa ndiyo inayoua kimya. Kimelea hukaa ndani ya chembe nyekundu na kuipasua kinapotoka. Mimba nayo inataka damu, minyoo inataka yake. Wingi wa damu wa mjamzito usipungue gramu 11 kwa desilita; ukishuka chini ya 7 uko hatarini hasa, kwa sababu siku ya kujifungua kila mwanamke hutoka damu, na mwenye akiba ndogo hana cha kupoteza. Omba wakupime na uikumbuke namba yako. Ule udongo tunaouuma, vile vitofali vya kuoka vinavyouzwa sokoni karibu na dagaa, mara nyingi huwa ni dalili kwamba damu imeshuka, tena unazidi kuyazuia madini ya chuma yasinyonywe. Nilikula mwenyewe, najua utamu wake mvua ikinyesha. Ukiona hamu imekushika, isiwe siri, iwe sababu ya kupima damu.

Mtoto akizaliwa chini ya kilo 2.5 anahesabiwa mdogo, na mdogo huyu ana kazi ngumu zaidi mwezi wa kwanza. Hupoteza joto haraka, hunyonya kidogo na kuchoka, na maradhi humkuta mlango wazi, kwa sababu kondo lililoshambuliwa humpitishia pia kinga chache za mama. Wangu walimfunga kifuani kwangu, uchi, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga mbili juu yetu. Siku kumi na moja tulikaa hivyo, usiku nikilala nimeegemea ukuta, na nilipochoka mama yangu alimpokea kifuani kwake. Baba anaweza pia. Mnyonyeshe kila baada ya saa mbili hata kama halii, na akishindwa kuvuta, kamua maziwa umnyweshe kwa kikombe. Malaria haipiti kwenye maziwa. Mama mwenye homa anaendelea kunyonyesha huku akitibiwa.

Mara chache mtoto huzaliwa na malaria yenyewe, imevuka kutoka kwa mama. Haina alama yake peke yake. Kichanga akikataa ziwa, akiwa wa moto au wa baridi kupita kawaida, akilegea, akigeuka rangi ya manjano au kupauka, mbebe uende, na uwaambie kama ulikuwa na malaria mimbani au dozi zako za SP hazikutimia. Kwa muda mrefu watoto wa umri huo walipasuliwa vidonge vya wakubwa kwa kukadiria. Julai 2025 Uswisi iliidhinisha dawa ya kwanza ya malaria iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa chini ya kilo 5, Coartem Baby. Imechelewa sana kwa ugonjwa wa zamani kiasi hiki.

Binti yangu ana afya siku hizi, amenipita urefu, na hataki kusikia habari za mizani. Mdogo wake alizaliwa na kilo 3.2. Kwake yeye nilikwenda na chupa ya maji.

Kadi yako ya kliniki iko wapi sasa hivi? Itoe. Tafuta mstari wa SP, uhesabu tarehe zilizoandikwa, kisha uhesabu zile ulizomeza kweli. Kama hesabu mbili hizo hazilingani, kesho asubuhi mwambie nesi ukweli ambao mimi sikumwambia mkunga wangu.